Lenzi ya Zamani kwenye Kamera Mpya

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo niliielewa vema mwaka huu kwa njia ya kamera.

Chama chetu cha wapiga picha hapa Gihundwe kina kamera moja mpya yenye lenzi fupi. Tukipiga picha za mpira, wachezaji huonekana kama sisimizi, na bei ya lenzi ndefu mpya ilitushinda. Ndipo mjomba wangu, aliyekuwa mpiga picha Kamembe siku za filamu, alipofungua sanduku lake akatoa lenzi ya zumu, yaani ile ivutayo mbali na karibu bila kubadilishwa. Yake huenda kutoka milimita 80 hadi 200. Akasema, "Chukua, lakini nadhani ilikufa pamoja na filamu."

Zumu si kitu cha jana. Mwaka 1959 kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani ilitoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82 kwa kamera za filamu ya milimita 35. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vya Japani vilitengeneza zumu nyingi mno, na ndiyo sababu nyingi huuzwa rahisi leo.

Je, yawezekanaje lenzi ya filamu ifanye kazi kwenye kamera isiyo na filamu? Siri ni umbali. Lenzi ya mjomba hukazwa kwa skrubu iitwayo M42, maana upana wake ni milimita 42. Lenzi za namna hiyo zataka milimita 45.46 kutoka kitako chake hadi filamu, kwa kuwa katikati palikaa kioo cha kuakisi kilichoinuka kila picha ilipopigwa. Kamera yetu ni ya Sony, aina ya E. Haina kioo hicho, na umbali wake ni milimita 18 tu. Toa 18 katika 45.46, zabaki 27.46. Pengo hilo hujazwa na adapta, ambayo ni bomba fupi la chuma, tupu ndani. Lakini kamera ya Nikon yenye kioo cha kuakisi ina milimita 46.5. Hapo lenzi ya M42 hukaa mbali kupita kiasi, na vitu vya mbali havionekani wazi ila adapta iwe na lenzi ndogo ya kurekebisha.

Ukitaka kujaribu, shika mambo haya.

Kwanza, kagua kabla ya kulipa. Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda unyevu na giza la sanduku.

Pili, kamera haitaitambua lenzi hiyo. Iruhusu katika mipangilio kupiga picha bila lenzi. Tundu la mwanga na kulenga utavifanya kwa mkono.

Tatu, vuta mpaka 200, lenga hadi picha iwe wazi, kisha rudi upana unaoutaka. Zumu nyingi za zamani hubaki wazi, lakini adapta yenye unene usio sahihi huiharibu sifa hiyo.

Nne, ogopa mtikisiko. Bamba la kamera yetu linalopokea mwanga ni dogo kuliko filamu, hivyo 200 huvuta kama 300. Tumia kasi ya sehemu moja ya 320 ya sekunde au zaidi, na uegemee ukuta.

Tano, kinga lenzi na jua. Vioo vya zamani hupata mng'ao upesi, na picha ikafifia.

Sitawadanganya. Katika picha 20 za mpira nilizopiga kwanza, 3 tu zilifaa, maana mchezaji hakungoji ulenge. Lakini jioni moja nilishuka ukingoni mwa Ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza walipokuwa wakitoka, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Wao huenda polepole. Nililenga, nikashusha pumzi, nikabonyeza. Picha ilionyesha hata mikono iliyoshika makasia.

Nilimpelekea mjomba. Aliitazama kimya muda mrefu, kisha akauliza tundu lilikuwa ngapi. Nikamjibu, "Nane." Akatabasamu: "Hata mimi ningeweka nane." Tangu siku hiyo huja kila Jumamosi kutufundisha, na lenzi hairudi tena sandukuni.

Basi, wenzangu, waulizeni wazee wenu wana nini masandukuni. Huenda mkapata lenzi, na mwalimu juu yake.