Nywele Kunyonyoka Baada ya Kujifungua: Kazi ya Homoni na Jeni

Miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, akina mama wengi hukuta nywele zimejaa kwenye kitana na juu ya mto. Baadhi huhofia kuwa wamepatwa na ugonjwa mkubwa. Wengine huambiwa kwamba kunyonyesha ndiko kunakozimaliza nywele, wakashawishika kumwachisha mtoto ziwa mapema. Ushauri huo hauna msingi, na sababu yake imo ndani ya ngozi ya kichwa.

Mzunguko wa unywele

Kila unywele huota katika kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Kifuko hicho hupitia hatua tatu. Hatua ya kukua hudumu miaka 2 hadi 6 kwa nywele za kichwani. Hufuata hatua ya kusinyaa, ya wiki 2 hadi 3, kisha mapumziko ya takriban miezi 3, ambayo mwishoni mwake unywele wa zamani hudondoka na mwingine kuanza kuota. Kwa kuwa kila kifuko hufuata wakati wake, nywele takriban 9 katika kila 10 huwa zinakua. Kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Homoni zinavyoamuru jeni

Seli za kifuko zina jeni zile zile zilizomo katika seli nyingine za mwili. Tofauti ni jeni zipi zinazofanya kazi. Homoni kama estrojeni na testosteroni husafiri katika damu, huingia ndani ya seli na kushikamana na kipokezi, mfano wa ufunguo na kufuli. Kipokezi hicho hujishikiza kwenye sehemu maalumu za DNA, kikaziamsha baadhi ya jeni na kuzituliza nyingine. Jeni zilizoamshwa hutengeneza protini zinazoamua iwapo unywele uendelee kukua au usimame.

Homoni moja yaweza kuleta matokeo yanayopingana. Dihidrotestosteroni, itokanayo na testosteroni, huchochea vifuko vya kidevuni vikuze ndevu. Utosini mwa mwanamume aliyerithi mwelekeo wa upara, homoni hiyo hiyo hufupisha hatua ya kukua, na nywele huota nyembamba zaidi kila mzunguko.

Kwa wanyama, homoni hufuata majira. Kondoo wa Soay wa Uskoti hupukutisha sufu majira ya kuchipua, kwani kurefuka kwa mchana hubadili kiwango cha homoni ya prolaktini. Kondoo wa Merino, waliochaguliwa na wafugaji kwa vizazi vingi, sufu yao hukua mfululizo.

Mimba na baada yake

Wakati wa ujauzito estrojeni huwa nyingi, na vifuko vingi hubaki katika hatua ya kukua kupita muda wake; ndiyo maana nywele huonekana kujaa. Mama akishajifungua, homoni hushuka ghafla, na vifuko vilivyocheleweshwa huingia mapumzikoni kwa pamoja. Miezi 2 hadi 4 baadaye, nywele zake hudondoka kwa pamoja. Kwa hiyo nywele zinazoanguka leo zilikwisha kuachwa na vifuko vyake miezi kadhaa nyuma. Vifuko vyenyewe havijafa, na kwa kawaida nywele hurejea ndani ya miezi 6 hadi 12, hata kwa mama anayeendelea kunyonyesha.

Wakati wa kufanya uchunguzi

Mama achunguzwe zaidi iwapo:

- hali inaendelea baada ya mwaka mmoja;
- ana uchovu mwingi na viganja vyeupe, dalili za upungufu wa damu;
- anahisi baridi kupita kiasi, moyo unamwenda mbio au shingo imevimba, kwani tezi ya thairoidi yaweza kuvurugika baada ya uzazi;
- ana mabaka yasiyo na nywele, yenye magamba au usaha, kama ilivyo kwa mapunye;
- nywele zinakatika kandokando ya paji kwa sababu ya misuko inayokaza.

Dawa ya finasteridi, itumiwayo na wanaume kuzuia upara, isitumiwe na mjamzito, kwani yaweza kudhuru maumbile ya uzazi ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Mhudumu wa afya anayemweleza mama haya mapema, kabla ya nywele kuanza kudondoka, humwondolea hofu na kumlindia mtoto haki yake ya kunyonya.