Kiều Chinh: nyota wa Saigon aliyeanza upya katika banda la kuku

Mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 1975, wakati mji wa Saigon ulipokuwa unaanguka, mwanamke mmoja wa miaka 37 alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Toronto, inchini Canada. Serikali iliyompa paspoti ilikuwa inakufa. Kwao alikuwa nyota wa sinema mwenye miaka 18 ya kazi. Toronto, kazi aliyopata ni kusafisha mabanda ya kuku.

Miaka miwili na nusu baadaye, Wamarekani walimwona kwenye televisheni, katika mojawapo ya vipindi vilivyopendwa sana nyakati zile. Jina lake ni Kiều Chinh. Leo amepita miaka 85 na bado anaigiza.

Maisha ya mama huyu yanaweza kusimuliwa kama hadithi ya bahati. Lakini ukiyaangalia kwa karibu, unaona jambo lingine: mkimbizi anapovuka mpaka, kazi yake anavuka nayo. Anachokosa ni mtu wa kumfungulia mlango. Kiều Chinh alimpata mtu huyo, kisha naye akawafungulia wengine.

Msichana wa Hanoi

Alizaliwa Hanoi, kaskazini mwa Vietnam, mwaka 1937, wakati inchi ile ingali koloni la Ufaransa. Vita vilimkuta mapema. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Washirika zilizokuwa zikiwashambulia Wajapani ziliangusha mabomu mjini Hanoi. Mama yake, aliyekuwa hospitalini baada ya kujifungua, alikufa pamoja na mtoto mchanga. Kiều Chinh alikuwa na miaka kama sita hivi.

Mwaka 1954 vita vingine vilimfukuza nyumbani. Wafaransa walikuwa wameshindwa, na mkataba wa Geneva ukaigawa Vietnam vipande viwili: kaskazini kwa Wakomunisti, kusini kwa serikali iliyopendelewa na mataifa ya Magharibi. Watu walipewa siku 300 za kuchagua upande. Karibu watu milioni moja walielekea kusini, kwa meli, kwa ndege, wengine kwa miguu.

Kaka yake alikuwa ametoweka nyumbani. Baba akaamua kubaki ili amtafute, akamkabidhi binti yake kwa familia ya marafiki waliokuwa wanakwenda kusini, akimwambia kwamba atafuata. Mpaka ukafungwa. Kiều Chinh hakumwona baba yake tena. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mkimbizi, akiwa msichana ambaye hajafikisha miaka 18.

Watawa, wakwe na sinema

Huko Saigon aliolewa na kijana wa familia ile ile iliyompokea. Sinema ilimkuta barabarani. Mwongozaji wa Marekani, Joseph Mankiewicz, aliyekuwa Saigon kutengeneza filamu ya The Quiet American, alimwona akataka kumpa nafasi ndani yake. Wakwe wakakataa. Kwa familia ya heshima, mke wa kijana wao kuonekana kwenye sinema akiwa na mwanamume mwingine lilikuwa jambo la aibu.

Mwaka 1957 ikaja nafasi nyingine, mara hii ya kuigiza mtawa wa Kibudha. Mtawa hana bwana, wala hakumbatiwi na mtu. Wakwe wakakubali. Filamu hiyo, Hồi Chuông Thiên Mụ, ilimfanya ajulikane, na tangu hapo hakurudi nyuma.

Katika miaka ya 1960 alicheza na Wamarekani waliokuja kutengeneza filamu zao Asia. Mwaka 1965 alikuwa pamoja na Burt Reynolds katika Operation C.I.A. Kwenye televisheni ya Saigon aliongoza kipindi cha mazungumzo na wageni, na mmoja wa wageni hao alikuwa Tippi Hedren, mwigizaji wa The Birds, filamu ya Alfred Hitchcock. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kiều Chinh alianza pia kutengeneza filamu zake mwenyewe. Ya kwanza ilihusu wanajeshi wa Kusini waliokuwa wanakufa kila siku.

Siku za mwisho

Mwezi wa 4 mwaka 1975 alikuwa ametoka kumaliza filamu huko Singapore akarudi Saigon. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia kutoka mikoa iliyotekwa. Alifanikiwa kupanda ndege na kurudi Singapore, lakini huko paspoti yake ilimletea matatizo: ilikuwa ya serikali inayoanguka. Wakuu wa uhamiaji walimzuia. Alipoachiliwa alilazimika kuondoka, akazunguka dunia kwa ndege mpaka Toronto, ambako watoto wake walikuwa wanasoma.

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la uhamiaji akiwa na karatasi ambazo afisa hataki kuzitambua anaelewa hali hiyo. Jana karatasi ile ilikuwa kitu, leo si kitu. Umaarufu wake Asia nzima haukumsaidia mbele ya dirisha lile.

Toronto hakuna aliyemuuliza anajua kufanya nini. Mkimbizi hupewa kazi ambayo mwenyeji haitaki, na kwa Kiều Chinh kazi hiyo ilikuwa mavi ya kuku. Aliifanya. Lakini alikuwa na kitabu cha namba za simu za watu wa sinema aliokutana nao katika kazi yake. Pesa ndogo aliyokuwa nayo aliitumia kupiga simu Hollywood. Watu wakubwa hawakupatikana: huyu yuko safarini, yule hajibu.

Aliyejibu ni Tippi Hedren. Alimkumbuka. Alimtumia tiketi, akamsaidia kupata ruhusa ya kuingia Marekani, akampokea katika nyumba yake mwenyewe California.

Mwaka huo huo Hedren alikuwa anasaidia wakimbizi wa Vietnam katika kambi moja karibu na Sacramento. Wanawake wa kambini walizitazama sana kucha zake zilizopakwa rangi. Basi alimleta mtu aliyekuwa anamtengeneza kucha awafundishe wanawake 20 kazi hiyo. Leo karibu nusu ya watu wanaofanya kazi ya kutengeneza kucha Marekani wana asili ya Vietnam, na wengi wanahesabu kwamba njia hiyo ilianzia kwa wale wanawake 20. Kwa hiyo msaada wa Hedren haukuwa wa nyota mwenzake peke yake. Kwa yule aliyekuwa na kazi, alimrudisha karibu na kazi yake. Kwa wale waliokuwa hawana, aliwapa ya kujifunza.

Kurudi kwenye kioo

Pamoja na hayo, Hollywood haikumngoja Kiều Chinh. Alikwenda kufanya kazi katika shirika la Kikatoliki lililosaidia wakimbizi, akiwatafutia watu makazi na kazi. Mchana alijaza makaratasi ya wakimbizi wenzake, na alipoitwa kufanyiwa majaribio ya kuigiza, alikwenda.

Mwezi wa 11 mwaka 1977 tamthilia ya M*A*S*H ikamtoa kwenye televisheni. Tamthilia hiyo ilihusu madaktari wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, na iliendelea kwa miaka 11, tangu 1972 hadi 1983. Sehemu yake ya mwisho ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Katika sehemu aliyoigiza Kiều Chinh, iliyoandikwa na Alan Alda, daktari mkuu wa tamthilia anampenda Kyong Soon, mwanamke wa ukoo wa kitajiri ambaye vita vimemnyang'anya maisha yake ya zamani.

Kyong Soon ni Mkorea. Kiều Chinh ni Mvietnam. Ndivyo Hollywood ilivyofanya na waigizaji wa Asia: uso mmoja ulitosha kwa mataifa yote. Lakini kwa kile Kyong Soon alichopoteza, huyu hakuhitaji kufundishwa. Kwa watazamaji wengi wa Marekani, waliozoea kuwaona watu wa Vietnam katika habari za vita tu, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanamke aliyetoka huko akizungumza kama mtu mwenye elimu, mwenye heshima, mwenye maneno yake mwenyewe.

Baada ya hapo alionekana katika tamthilia nyingi, mara nyingi katika nafasi ndogo: mama, mjane, mgonjwa. Aliendelea kuzikubali. Mwaka 1993 ikaja nafasi iliyomjulisha kwa ulimwengu, katika filamu ya The Joy Luck Club ya mwongozaji Wayne Wang. Safari hii aliigiza Mchina, mama anayekimbia vita akiwa na watoto wake mapacha. Nguvu zinamwishia, anawaacha kando ya barabara akitumaini kwamba mtu atawaokota. Maisha yake yote yaliyobaki anabeba tendo hilo.

Anayejua habari za Hanoi ya 1954 hawezi kutazama sehemu hiyo bila kukumbuka baba aliyebaki nyuma. Katika filamu ni mama anayewaacha watoto. Katika maisha ni binti aliyemwacha baba. Na wote wawili waliondoka kwa sababu kubaki kungewamaliza.

Madawati 58,000

Mwaka huo huo wa 1993 Kiều Chinh alianzisha mfuko wa kusaidia watoto wa Vietnam pamoja na Wamarekani wawili waliopigana vita vile. Mmoja alikuwa Lewis Puller, aliyepoteza miguu yote miwili vitani. Mwingine ni Terry Anderson, mwandishi wa habari aliyeshikwa mateka Lebanon karibu miaka saba.

Wazo lao lilikuwa rahisi kueleweka. Mjini Washington kuna ukuta mweusi wenye majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani waliokufa Vietnam. Wao walitaka kujenga shule za msingi Vietnam hadi zifikishe nafasi kwa watoto wengi kama majina yale. Kwa kila askari aliyekufa, mtoto mmoja akae darasani.

Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1995 katika mkoa wa Quảng Trị, karibu na mstari uliokuwa umeigawa inchi. Puller hakuiona, alikufa mwaka 1994. Nyingine zilifuata, kaskazini na kusini.

Safari ile ya 1995 ilimfikisha Kiều Chinh Hanoi, miaka 41 baada ya kuondoka. Baba aliyemwahidi kufuata alikuwa amekufa miaka mingi kabla. Binti alimkuta kaburini.

Waliofuata nyuma yake

Njia aliyopita mama huyu sasa ina watu wengine. Hong Chau alizaliwa mwaka 1979 katika kambi ya wakimbizi Thailand, baada ya wazazi wake kukimbia Vietnam kwa mashua. Leo ni mwigizaji anayejulikana wa televisheni na sinema, na mwaka 2023 alikuwa kati ya waliopendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa filamu ya The Whale. Mwaka huo huo Ke Huy Quan, mzaliwa wa Saigon aliyepita kambi ya wakimbizi huko Hong Kong, aliishinda Oscar yake.

Kwa wasomaji wa upande wetu habari hizi haziko mbali. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wakitoka Kivu na kupitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi. Kati yao wamo walimu, wauguzi, mafundi, waimbaji, watu wa redio. Wengi walianza kule kwa kazi za kiwandani ao za kusafisha vyumba, na baadhi bado wako palepale. Si kwamba kazi zao za zamani walizisahau. Hawajapata aliyewauliza.

Mwaka 2024 Kiều Chinh, akiwa na miaka 86, alionekana tena kwenye televisheni, katika The Sympathizer ya kampuni ya HBO. Tamthilia hiyo imetokana na riwaya ya Viet Thanh Nguyen, naye alifika Marekani akiwa mtoto mkimbizi mwaka 1975. Inasimulia kuanguka kwa Saigon na maisha ya waliokimbilia California. Sehemu kubwa ya waigizaji ni Wavietnam, na mara nyingi wanazungumza Kivietnam.

Safari hii hakuwa Mkorea wala Mchina. Aliigiza mama mzee wa Vietnam, mkimbizi aliyefika Marekani baada ya vita.