Dufu la Mtoto kwa Siku ya Idi

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.). Sayyidna Abubakar (r.a.) alipowakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, kwani hiyo ilikuwa siku ya Idi.

Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu ala nyingine za muziki. Dufu lina nafasi yake katika Idi na harusi. Basi mzazi na amtengenezee mwanawe dufu dogo. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, ulainishe ukingo wake usimkate. Funika mdomo wake kwa kipande cha tyubu kuukuu ya gari, ukivute mpaka kikaze, kisha ukifunge kwa kamba. Usitie kokoto wala punje ndani: mtoto mdogo hupeleka kila kitu kinywani.

Mtoto apige, mama aimbe kasida aliyoihifadhi, ndugu waitikie. Simu itamwimbia mtoto kutwa nzima, lakini haitamngoja anapopotea mapigo. Mzazi humngoja, na hivyo mapenzi ya Mtume (s.a.w.) humwingia mtoto kwa sauti ya nyumbani kwao.