Kasi ya Prosesa na Bei ya Joto

Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, kipande kidogo cha silikoni kinachofanya hesabu zote za mashine hiyo. Prosesa hufuata mapigo ya saa. Mapigo yakiongezeka, kazi nayo huenda mbio zaidi. Kwa muda mrefu wamekuwapo watu wanaoilazimisha prosesa ipige mapigo mengi kuliko yaliyowekwa na kiwanda, ili wapate mashine yenye nguvu bila ya kuilipia bei yake. Kati ya mwaka 2003 na 2005 watu hao walipata njia ambayo viwanda havikuikusudia: kuchukua prosesa ya kompyuta mpakato na kuipachika katika kompyuta ya mezani.

Sababu yake ni rahisi kufahamika. Kompyuta mpakato hutegemea betri, wala haina nafasi ya feni kubwa. Kwa hiyo prosesa yake sharti iweze kutimiza kazi kwa umeme mdogo. Prosesa ya namna hiyo, ikiwekwa penye umeme wa kutosha na upepo wa kutosha, huwa na akiba ya nguvu isiyotumika.

MFANO WA AMD

Iliyopata sifa zaidi ni Athlon XP-M 2500+ ya kampuni ya AMD. Ilipangiwa volti 1.45, wati 45 na mapigo ya megahezi 1867. Ndugu yake wa mezani mwenye namba hiyo hiyo alihitaji volti 1.65 na wati zipatazo 68. Zaidi ya hayo, mwendo wa prosesa hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi kwa namba iitwayo kizidishio. Kuelekea mwisho wa mwaka 2003, AMD ilikifunga kizidishio katika prosesa zake za mezani, lakini katika zile za mpakato kiliachwa wazi. Kwa kuwa zote ziliingia katika soketi moja, mwenye mashine aliweza kuchagua mapigo ya msingi 200 na kizidishio 12, akapata megahezi 2400.

JOTO HALINA MSAMAHA

Hata hivyo, hakuna faida isiyokuwa na gharama. Joto la prosesa huongezeka sawasawa na mapigo, lakini kwa upande wa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Tuseme mtu amepandisha prosesa hiyo kutoka megahezi 1867 hadi 2400, na ili isiyumbe akapandisha volti kutoka 1.45 hadi 1.75. Mwendo umeongezeka kwa kiasi cha asilimia 29. Joto, kwa hesabu hiyo, limeongezeka kwa asilimia 87: wati 45 zimekuwa 84. Kile kipande kilichosifiwa kwa ubaridi wake sasa kimepita joto la ndugu yake wa mezani.

Hatari ya kwanza ilikuwa katika kuipachika. Prosesa hizo hazikuwa na kifuniko cha chuma, na aliyekibana kipoza joto upande aliweza kuuvunja ukingo wa silikoni. Hapo fedha zote zimepotea. Hatari ya pili ni ya siri zaidi. Prosesa iliyozidishiwa mwendo yaweza kukosea hesabu bila ya kuzimika. Mashine inaendelea kufanya kazi, huku daftari la mapato linaharibika au picha za familia zinahifadhiwa zikiwa na kasoro. Ndiyo maana waangalifu walitumia programu ya Prime95, iliyoundwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, wakaiacha ifanye kazi kwa saa nyingi na kulinganisha majibu yake na yale yanayojulikana kuwa sahihi. Kosa moja tu lilitosha kumwambia mtu arudi nyuma.

FUNZO KWA VIWANDA

Kwa upande wa Intel, mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2004 Pentium 4 yake ya mezani ilifikia gigahezi 3.8 kwa wati 115. Mwaka huo huo Pentium M ya mpakato, yenye gigahezi 2, ilitumia wati 21 tu. Mwaka 2005 kampuni ya ASUS ilitoa kiunganishi kiitwacho CT-479, kilichoiwezesha Pentium M kukaa katika baadhi ya bodi zake za mezani. Waliojaribu waliona kwamba kipande hicho kidogo, kikiongezewa mwendo, kiliweza kushindana na wakubwa katika kazi nyingi. Mwaka 2006 Intel yenyewe ilifuata njia hiyo: Core 2 Duo, iliyoingia katika kompyuta za mezani, ilitokana na usanifu wa wahandisi wa Haifa, Israeli, waliobuni Pentium M.

Siku hizi prosesa nyingi za mpakato huunganishwa kwa lehemu kwenye bodi yenyewe, na nyingi hujiongezea mwendo zenyewe joto linaporuhusu. Mchezo ule umepungua, bali hesabu yake haijabadilika. Mwenye kompyuta nyumbani, kabla ya kutamani mapigo zaidi, na aondoe vumbi katika feni, aiache mashine ipate hewa, na aweke nakala ya kazi zake mahali pengine. Mashine isiyokosea ina faida kuliko iendayo mbio ikapoteza kazi ya mwaka mzima.