Lori la Kawaida Katika Jangwa la Libya

Jangwani maji ni uhai, na injini iliyochemka huyamaliza upesi kuliko abiria. Ralph Bagnold, ofisa Mwingereza, aliyajua hayo katika safari zake za Jangwa la Libya. Mwaka 1940, alipounda kikosi cha jangwani huko Misri, malori ya Chevrolet yalivuliwa milango, paa na kioo cha mbele ili yawe mepesi. Mrija ulitoka kwenye rejeta hadi debe lenye maji kidogo: mvuke uligeuka maji humo, na injini ilipopoa yakavutwa kurudi. Magurudumu yalipunguzwa upepo yasizame mchangani. Yalipozama, mabamba ya chuma yalitandikwa chini yake. Hivyo maji yaliyobebwa yakabaki ya watu, si ya injini.