Sura ya Tano: Ulimi na Nasaba

Katika sura hii nilikusudia kutaja mambo matatu yanayomtesa mhamiaji, nayo ni jina analobandikwa, kazi anayoruhusiwa, na lugha anayoisema. Lakini kwa kuwa kila baraza ninaloketi hukutana na swali lile lile, yaani Mwomani gani huyu asiyejua Kiarabu, nitaanza na lugha, na sidhani kama nitafika kwingine.

Waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964 waliitwa warejee Omani tangu mwaka 1970, pale Sultani Qaboos aliposhika utawala wa nchi yenye skuli 3 tu, akawahitaji watu waliokwisha kusoma. Wakaja na Kiingereza chao, wakaingia wizarani, katika benki na katika kampuni ya mafuta, na ahsante waliyopewa ikawa kuitwa Zinjibari. Ajabu ni kuwa kule walikotoka waliitwa Waarabu, na ni kwa jina hilo walifukuzwa.

Wanaowadharau hudhani kwamba lugha hurithiwa pamoja na damu. Dhana hii ni batili. Nasaba mtoto huipata kwa babaye, ama lugha huipata kwa yule amlishaye na kumbembeleza, na katika nyumba nyingi za Waomani wa Unguja Kiarabu kilibakia cha sala na cha hati, hali mapishi, ugomvi na mapenzi vyote vilikwenda kwa Kiswahili.

Nami sina budi kutaja neno nilipendalo, sakafu. Asili yake ni saqf, ambalo kwa Mwarabu ni paa la chumba. Mtoto wa Kizinjibari akisema darasani Maskati kwamba kalamu imeanguka kwenye saqf, wenzake watatazama juu na kucheka. Lakini itazame nyumba ya mawe ya Unguja: hupangwa boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hutandazwa mawe, kisha humiminwa chokaa na kupigwa kwa vigongo, watu wakiimba, mpaka ishikamane. Kitu kile kile ni paa kwa aliye chini na ni mahali pa kukanyaga kwa aliye ghorofani. Hakuna aliyekosea, mmoja alikipa jina akiwa chini, mwingine akiwa juu.

Lakini kicheko kile cha darasani huingia nyumbani. Mama, kwa kuona haya, huacha kusema Kiswahili mbele ya wanawe, na hupata wa kumtia nguvu, wale wajuaji wa siku hizi wadaio kuwa lugha mbili humzubaisha mtoto, upuuzi ambao mtoto yeyote wa Mombasa angeukanusha kabla ya kufika sokoni. Basi bibi aliyelea watoto watano huketi ukumbini na wajukuu wake mwenyewe, naye akitaka maji, huitwa mama kutoka jikoni aje kufasiri.