Bushi Zinalia, Nani Anasikia?

Mwenye kusafiri kwa gari kutoka Chake Chake kwenda Wete, au kutoka Mjini Unguja kwenda Makunduchi, huenda amewahi kusikia mlio mkavu chini ya gari kila linapoingia shimoni, mfano wa mlango wa zamani uliokosa mafuta. Abiria hutazamana wakacheka, dereva huongeza sauti ya redio, na safari huendelea. Ndugu wasomaji, mlio ule ni taarifa, na taarifa isiyosikilizwa mwisho wake ni hasara.

Chini ya gari, pale mikono ya chuma inayoshika magurudumu inapoungana na chesesi, huwekwa bushi. Kazi yake ni kuuacha mkono upande na kushuka pamoja na gurudumu, na papo hapo kuzuia chuma kisigongane na chuma. Bushi nyingi ni za mpira ulioshikamanishwa na kibomba cha chuma. Gurudumu linapopanda, mpira hujisokota kisha hujirudi. Hakuna kinachoteleza hapo, kwa hiyo hapana haja ya grisi. Tena grisi ya kawaida, itokanayo na mafuta ya petroli, huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Ndiyo sababu mafundi hodari waliwausia wanagenzi wao kwamba bushi haipakwi grisi. Usia huo ulikuwa wa haki.

Lakini zimeingia bushi za namna nyingine, za poliyurethani, ambayo asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Bushi hizi ni ngumu kuliko za mpira, hulishika gurudumu barabara, na hazidhuriwi upesi na oili inayovuja kutoka kwenye injini. Hata hivyo, umbo lake ni jingine. Hazikushikamanishwa na chuma. Kibomba cha ndani huzunguka katika tundu la bushi kama pini katika bawaba. Chenye kuzunguka hakikosi kutaka kilainisho. Basi kanuni imegeuka: kilichokatazwa kwa mpira kimekuwa wajibu kwa poliyurethani.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia jambo hili katika ofisi moja aliyopata kuitumikia. Gari la kazi, lililokuwa likiwachukua maofisa kwenda vijijini, lilifungwa bushi mpya za aina hii. Masika yalipokwisha, likaanza kulia. Dereva, mtu mwaminifu, aliandika kuomba grisi. Barua yake ikalala katika faili. Fundi naye, kwa kuushika usia aliofundishwa, alikataa kupaka chochote. Mwingine akamwagia oili chafu. Mlio ukanyamaza siku mbili, ukarudi pamoja na mchanga. Hatimaye ikaamuliwa kwamba bushi ni mbovu na ziagizwe nyingine. Gari likakaa chini ya mwembe miezi mitatu, na vijiji vikangoja. Lilipofunguliwa, bushi zilikuwa nzima kabisa. Vibomba ndivyo vilivyokuwa vikavu na vimeshika kutu. Vilisafishwa, vikapakwa grisi, na jioni ile ile gari likatoka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Upepo wetu una chumvi, na chumvi huleta kutu. Kutu hukikwaruza kibomba, nacho kibomba huila bushi kutoka ndani. Mvua nazo huosha grisi, na vumbi la mawe hukamata mahali pake. Bushi ikilika, gurudumu huyumba, tairi huisha upande mmoja, na usukani hauaminiki katika kona. Tairi hizo hizo huja kwa meli, nazo hununuliwa kwa fedha za kigeni.

Kazi yenyewe si kubwa. Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekewa vigogo imara, maana asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Bolti ifunguliwe, kibomba kitolewe, kioshwe, kikaushwe, na kutu isuguliwe kwa msasa laini. Kisha ipakwe grisi ya silikoni, ile nzito isiyooshwa upesi na maji: juu ya kibomba, ndani ya tundu, na kwenye nyuso za pembeni zinazosugua chuma. Inayozidi ifutwe, kwani hukusanya mchanga. Bolti ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Zipo bushi zenye tundu la kusukumia grisi kutoka nje; hizo hazihitaji kufunguliwa kila mara. Ama bushi iliyopasuka, au ambayo tundu lake limetanuka, grisi haiiponyi, ibadilishwe. Kila masika yanapokwisha, na kila mlio unapoanza, gari litazamwe.

Kwa viongozi wa idara tuna neno moja. Kinunuliwapo kifaa kipya, maelezo yake yamfikie fundi na dereva kwa lugha wanayoielewa. Haifai kumlaumu fundi kwa kutii alichofundishwa, ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba kitu kimebadilika. Kopo la grisi liwe gereji, liandikwe katika daftari, na dereva aruhusiwe kulitumia bila kungoja saini tatu.

Gari la umma ni amana. Uimara wa kifaa haumwondolei mtu wajibu wa kukitunza. Basi dereva atakaposema kesho kwamba gari linalia, asikilizwe siku hiyo hiyo.